Uliza Fundi: Gari la Nyumba Linapolala Upande

Barua za mwezi huu zimegusa karibu zote jambo moja: magari ya zamani ya kulala ndani, yale yanayobebwa na mifuko ya upepo badala ya springi. Tunasema "upepo" kama wanavyosema kwenye kibanda cha tairi. Na mfuko hapa ni wa kubeba mzigo, si ule unaofumuka usoni ajali ikitokea.

Hamjambo mafundi. Nina GMC ya 1976, ile ya magurudumu sita. Jioni nikiiegesha iko sawa, asubuhi naikuta imelala nyuma kushoto, kama vidole vinne. Fundi anasema mifuko yote miwili imezeeka, niagize mipya Marekani. Niagize? – Msomaji, Karen

Usitume pesa bado, ndugu yetu. Mfuko ni wa mwisho kushukiwa, ingawa ndio wa kwanza kulaumiwa kwa sababu ndio unaoonekana.

Kwa wasioijua: GMC hizi ziliundwa kati ya 1973 na 1978. Injini huvuta magurudumu ya mbele, na huko mbele hakuna upepo, kuna vyuma virefu vinavyosokoteka. Nyuma, kila upande una mikono miwili ya magurudumu, na katikati yake mfuko mmoja umelazwa, ukisukuma mkono mmoja huku na mwingine kule. Upande mmoja, mfuko mmoja. Ukivuja hata kidogo, hakuna mwingine wa kusaidia.

Kabla ya kuingia chini, weka stendi za chuma kwenye chasi, pande zote mbili. Gari lililosimama kwa upepo peke yake halina breki ya kushuka: paipu ikichomoka, tani kadhaa zinakuja chini kwa sekunde. Jeki si stendi.

Sasa jaza mfumo hadi gari lifike kimo chake, zima injini, kisha changanya kijiko kimoja cha sabuni ya vyombo na nusu lita ya maji kwenye chupa ya kupulizia. Fuata njia ya upepo kutoka tangini hadi mfukoni: kila kiungo, kila kona ya paipu, vali ya kusawazisha (ile inayoongeza au kupunguza upepo ili gari likae kimo chake), na mwisho kabisa mfuko wenyewe, hasa pale mpira unapobanwa na chuma. Subiri dakika mbili kila mahali. Uvujaji wa kushusha gari usiku mzima hautoi povu la kuruka. Hutoa vipovu vidogo kama vya chai ya maziwa.

Kwenye magari ya Kimarekani yaliyofika Nairobi, hesabu yetu huanzia kwenye viungo. Paipu yao mara nyingi ni ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Spea zilizojaa Kirinyaga Road ni za malori ya Japani na Ulaya, ambazo ni milimita 6. Fundi akiparuza paipu ya robo inchi ili iingie kwenye kiungo cha 6, itaingia, na itavuja. Hata uzi wa skrubu haufanani. Wa Kimarekani, NPT, wa robo inchi una meno 18 kwa inchi. Wa Kiingereza, BSP, una 19. Huanza kushikana vizuri, mizunguko miwili au mitatu, halafu unakaza kwa nguvu na kudhani umefunga. Tepu nyeupe haitibu hilo. Nunua kiungo kinachofanana, na ukate paipu kwa kisu chake maalumu, mraba kabisa, si kwa msumeno wa chuma.

Usipopata povu popote, ndipo uujaribu mfuko peke yake. Toa upepo wote, chomoa paipu mfukoni, na pale pale funga kiungo chenye vali ya tairi. Jaza kwa kompresa ya kawaida hadi kimo cha kuendeshea, pima kutoka ukingo wa chasi hadi sakafuni, andika, kaa saa 24, pima tena saa ile ile. Saa ile ile ni muhimu. Nairobi ya Julai inaweza kuwa digrii 24 mchana na 11 alfajiri, na upepo ukipoa husinyaa kwa zaidi ya sehemu nne katika mia. Gari likishuka sentimita moja alfajiri na kurudi mchana, huo ni ubaridi. Likishuka vidole vinne na lisirudi, mfuko umekwisha.

Na kama mfuko umesimama siku nzima bila kuyumba, basi ulikuwa unasingiziwa. Rudi kwenye vali ya kusawazisha. Weka sabuni kwenye tundu lake la kutolea upepo: likitoa povu gari likiwa limetulia, mpira wa ndani umekufa au kuna uchafu umekaa kwenye kiti chake.

Ukiona nyuzi za ndani zikichungulia kwenye mpira, usipime lolote, badilisha. Mipasuko midogo ya juujuu, kama kisigino cha kiangazi, inaweza kuvumilika. Nyuzi hazivumiliki. Siku ya kufunga mfuko mpya, ujaze upepo kidogo magurudumu yakiwa bado yananing'inia, ndipo uteremshe gari. Ukiteremsha kwanza, mpira hujikunja vibaya na kujikata wenyewe.

Tumegeuza basi la zamani kuwa nyumba: jiko, choo, na tangi la maji la lita 300 upande wa dereva. Lilikuwa limeinama upande huo, tukaongeza vali ya nne ya kusawazisha ili kila kona iwe na yake. Sasa ni balaa: kulia nyuma linapanda, kushoto mbele linashuka, linacheza lenyewe. – Ndugu wawili, Kasarani

Iondoeni ya nne leo. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu. Cha miguu minne hutafuta karatasi ya kuweka chini ya mguu. Basi ni hivyo hivyo. Ekseli ya mbele hupewa vali moja, na mifuko yake miwili huungwa kwa paipu. Nyuma vali mbili, kila upande yake. Mkiweka nne, kila moja inasahihisha kosa lililofanywa na mwenzake, na upepo unaisha bure.

Baada ya hapo turudi kwenye kuinama kwa awali. Lita 300 ni kilo 300, na vali nzima ya nyuma kulia ilipaswa kulimudu hilo kwa kuongeza upepo. Ikiwa haikulimudu, angalieni kijiti kinachounganisha vali na ekseli: mpira wa nchani huisha, kijiti kikalegea, vali ikadhani gari liko juu. Vali nyingi zina kitundu cha kuingiza pini ili mkono ukae katikati. Egesheni mahali tambarare, matangi ya maji yakiwa yamejaa kama mnavyosafiri, tangi la upepo limefika mwisho, ingizeni pini, rekebisheni urefu wa kijiti hadi bolti iingie bila kulazimishwa, kisha toeni pini. Pini iliyosahaulika ndani imewahi kuvunja vali nyingi kuliko uzee.

Hata likisimama sawa, mfuko wa kulia bado unabeba zaidi. Vali husawazisha kimo, haisawazishi mzigo. Lipelekeni kwenye mizani, na ikiwezekana hamisheni tangi katikati ya chasi.

Nilipokuwa Mombasa basi langu lilikuwa linainuka kwa dakika nane. Tangu nihamie Nairobi, ni kumi na tano. Ni mwinuko wa mji? – Msomaji, Lang'ata

Sehemu yake, ndiyo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa inayoingia kompresa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Kwa hiyo dakika nane zinakuwa kumi, kumi na moja. Hizo nne au tano zilizobaki hazina uhusiano na mwinuko.

Anza na kichujio cha hewa cha kompresa. Kisha fungua paipu inayotoka kompresa kwenda kwenye kikaushio: kompresa inayopitisha oili huijaza masizi hadi tundu linabaki kama la kalamu. Mwaga tangi: maji meupe kama maziwa ni oili na maji, ringi zimechoka. Maji matupu yanamaanisha kikaushio hakikaushi tena, na wakati wa mvua za masika hayo maji ndiyo yanayoozesha vali za kusawazisha.

Kumbuka pia kwamba breki hula kwanza. Vali ya kinga haipeleki upepo kwenye mifuko mpaka matangi ya breki yapate ya kutosha, kwa hiyo uvujaji mdogo wa breki hujionyesha kama uvivu wa kuinuka. Kuna mafundi huruka vali hiyo ili basi liinuke haraka. Akikufanyia hivyo, mfuko ukipasuka mteremkoni unaondoka na breki zako.

Kompresa yangu ndogo ya umeme wa volti 12 inaunguza fyuzi kila inapojaribu kuwaka tena, lakini tangi likiwa tupu inafanya kazi vizuri. – Msomaji, South B

Umejijibu, dada. Mota inashindwa kuanza kwa sababu kichwa chake bado kina presha: vali ya kuzuia upepo usirudi imeacha kuziba. Punguza tangi hadi psi 20, vaa miwani, legeza polepole paipu kwenye upande wa kompresa. Upepo ukitoka mfululizo kutoka upande wa tangi, badilisha vali. Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Waya ndio utakaokuwa fyuzi.

Fundi wa Kariobangi anataka kutoa mifuko yote ya basi langu na kuweka springi za lori. Ni sawa? – Msomaji, Umoja

Hapana. Achilia mbali kuchomelea mabano kwenye chasi isiyotengenezewa, na vyombo vyako vitakavyohesabu kila tuta la Jogoo Road. Kwenye mabasi mengi ya upepo, vali inayopima nguvu ya breki za nyuma husoma mzigo kutoka kwenye presha ya mifuko hiyo hiyo. Ukiitoa, vali inadhani basi halina kitu, na breki za nyuma zinashika kama za basi tupu huku umebeba nyumba nzima.