Kabla hujainunulia pikapu sanda

Nimewahi kutoa hela nzuri kununua pikapu mpya ya gitaa, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye tundu la amplifaya. Nasimulia leo kwa sababu wiki hii vijana wawili wameniletea magitaa yao na lalamiko lilelile: "Kaka, pikapu imeisha nguvu." (Ukimwambia hivyo fundi wa mtaani atakuuliza ni ya dizeli au ya petroli. Hapa nazungumzia ile sumaku iliyozungushiwa waya, inayokaa chini ya nyuzi.)

Gitaa langu ni kopi ya Stratocaster, gitaa la umeme la Fender, lina pikapu tatu za koili (mzingo wa waya) moja moja. Napiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na pikapu yangu ni ile ya nyuma, jirani na daraja, maana sauti yake kali ndiyo inayopenya tarumbeta zikishaanza. Swichi ya kuchagua pikapu hata siigusi. Usiku mmoja ukumbini sauti ikawa chini. Nikafungua voliumu yote, bado mpiga ridhimu ananifunika. Kesho yake nikaenda kwa fundi na jibu langu mfukoni: pikapu imechoka. Akaniuzia nyingine, akaifunga, ile ya zamani nikamwachia kama chuma chakavu. Jumamosi tukarudi ukumbini. Sauti ileile ya mgonjwa.

Mpiga besi ndiye aliyegundua. Amplifaya ile ina matundu mawili ya kuchomekea. La kwanza lilikuwa limelegea, watu wakazoea la pili, nami nikafuata mkumbo. Kwenye amplifaya nyingi za aina hiyo tundu la pili hupunguza desibeli 6 kwa makusudi, yaani volti za gitaa zinaingia nusu. Nilikuwa nimelipia nusu hiyo kwa pikapu nzima.

Kutojua habari za matundu nilijisamehe. Nisichojisamehe ni kutogeuza swichi. Ningeigeuza ningesikia pikapu zote tatu zimeshuka, na pikapu tatu haziugui siku moja. Zikishuka zote, tafuta kwenye njia zinayopita zote: kebo, tundu la jeki, poti ya voliumu (kile kinachozungushwa kupandisha sauti), pedali za kubadili sauti, amplifaya. Azima kebo nyingine, chomeka kwenye amplifaya nyingine, ruka pedali zote. Ni dakika tano na hakuna senti inayotoka.

Ikishuka moja peke yake, ndipo uanze kuishuku. Hata hapo chukua bisibisi kwanza, solda iache ilipo. Skrubu zinazoshikilia pikapu hulegea kwa mtikisiko, pikapu ikazama polepole, usijue hadi siku unapofunikwa. Bonyeza nyuzi kwenye freti (vile vichuma vya shingoni) ya mwisho kabisa, upime nafasi kati ya uzi na kichwa cha sumaku. Kwa koili moja ya aina ya Strat, anzia kama milimita 2 upande wa nyuzi nene na 1.6 upande wa nyembamba, kisha sikiliza. Usiipandishe kwa uchu. Sumaku ikikaribia mno huuvuta uzi, na ukipiga freti za juu unasikia noti inayumba kama ina watu wawili ndani yake. Hapo utalaumu tyuni bure.

Kijana wa kwanza wa wiki hii, anayepiga kwaya, alisema pikapu yake "inapenda nyuzi nyembamba tu". Nilitazama nyuzi nikacheka: zile nene zilikuwa na rangi ya dhahabu. Alifunga nyuzi za gitaa kavu, ambazo nyuzi zake nene huviringishwa shaba nyeusi, yaani bronzi. Sumaku haina habari na shaba. Inasikia kile kiini chembamba cha chuma kilicho katikati basi. Nyuzi mbili nyembamba ni chuma kitupu, ndiyo maana zilikuwa zinapiga kelele peke yake. Tukafunga seti ya nikeli, akaenda zake.

Wa pili gitaa lake lilikuwa na betri ya volti 9 mgongoni, naye hakujua kama ipo. Magitaa ya namna hiyo hula betri muda wote kebo ikiwa imechomekwa, hata hupigi. Ukimaliza, chomoa. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

Sasa nije kwenye siku ambayo pikapu ilikuwa imekufa kweli, na mimi nikakataa katakata.

Ilikuwa ileile mpya niliyonunua, baada ya miaka mitatu ya jasho langu na hewa ya chumvi. Sauti ikawa nyembamba, besi hakuna, kama redio ya betri inayosikika chumba cha pili. Nikageuza swichi: nyingine mbili nzima. Nikapima nafasi ya uzi na sumaku: sawa. Lakini nikajiambia koili iliyokatika haiwezi kutoa sauti kabisa, hii inatoa, basi si koili. Kumbe inaweza. Waya ukikatika, mizunguko iliyolaliana hufanya kazi kama kapasita, na sauti kali za juu huruka pale palipokatika. Nene ndizo zinazobaki ng'ambo. Ukisikia wembamba wa namna hiyo kwenye pikapu moja, usibishane nao.

Mita ya kupimia umeme ndiyo iliyonimaliza ubishi, na huna haja ya kufungua gitaa. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua voliumu yote, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), gusa ncha ya jeki ya upande wa pili na shingo yake. Pikapu ya mbele ilisoma kiloomu 5.7, ya kati 5.8. Ya nyuma ikasoma 240. Nikadhani mita imelewa. Ile 240 haikuwa pikapu. Ilikuwa poti ya voliumu, ambayo kwenye magitaa ya koili moja huwa ya kiloomu 250. Pikapu yenyewe haikuwepo kwenye njia. Kwa pikapu ya koili mbili mara nyingi utaona kati ya 7 na 9, na zenye nguvu hupita hapo. Ikisoma nusu ya unavyotarajia, koili moja imelala, au kuna swichi ya kuigawa umeivuta bila kujua.

Nikafungua. Waya wa koili una unene wa karibu milimita 0.06, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, na pale unapoungwa na waya mkubwa palikuwa na kutu ya kijani. Hapo mafundi redio wawili walinirudisha. Aliyenisaidia ni fundi simu, kijana mwenye lenzi na solda yenye ncha kama sindano. Akafungua nusu mzunguko, akakwangua rangi ya waya, akaunga upya. Mita: 6.1. Katika koili iliyokatikia katikati asingefanya lolote, ingebidi kuisuka upya yote.

Nilipokwenda kumwonyesha yule fundi aliyeniuzia, alicheka, akaniambia ile ya zamani niliyomwachia alimfungia mpiga solo wa bendi nyingine. Jumapili iliyopita nilimsikiliza. Inapenya vizuri sana.