Kuacha bangi bila kuhama maskani

Hapa Unguja anayetaka kuacha bangi mara nyingi husubiri Ramadhani. Siku ya vunja jungu, ya mwisho kabla ya mfungo, anavuta mpaka basi, akijiambia hii ndiyo ya mwisho. Na kweli, mwezi mzima hagusi, tena bila tabu kubwa. Idd mosi anashinda kwa jamaa. Idd pili yuko maskani, pale barazani anapokaa na wenzake, msokoto mkononi. Nimeliona kwa wengi na limenipitia mimi mwenyewe, ndiyo maana naanzia hapo.

Ramadhani saa za maskani zinavurugika. Wakati ambao mngekuwa mmekaa, watu wanafuturu, baada ya isha kuna tarawehe, kisha watu wanalala wakingojea daku. Wewe unadhani umeacha, kumbe mkao ndio uliosimama. Ukirudi mkao, na bangi inarudi nao. Kwa hiyo kwa yule ambaye havuti akiwa peke yake, anavuta na wenzake tu, kazi ya kwanza ni kushughulika na saa.

Mimi wenzangu sikuwaacha. Ni watu niliosoma nao skuli na tuliozikiana wazee. Anayekwambia "achana nao" hajui maskani ni kitu gani: hapo ndipo unaposikia habari ya kibarua, na mtu akifiwa hapo ndipo panapochangwa. Nilichohamisha ni wakati. Alasiri nilikwenda kucheza dhumna, Magharibi ikiadhiniwa naondoka, na baada ya isha sirudi. Pia nilijiunga na kikundi cha mazoezi cha mtaani. Wengi tunavijua vikundi hivi kwa siku moja tu, ile Januari 1 vinapojaza barabara za mjini, lakini vipo mwaka mzima. Ukijua alfajiri kuna watu wanakungojea mkimbie, usiku utalala mapema, utake usitake.

Nilipoanza tena kukaa na wenzangu usiku, nikaona tatizo jengine ni mkono. Msokoto unazunguka, unakufikia ukiwa umeshalowa mate ya watu, moshi unakuingia machoni, na mkono umeshanyooka kabla hujafikiri chochote. Kilichonisaidia ni kahawa. Vikombe vya muuza kahawa havina mshikio, unakishika ukingoni kwa ncha za vidole kwa sababu kinaunguza, na mkono wa pili una kashata. Ukiletewa msokoto huna pa kuupokelea. Unasema "pitisha", basi. Usitoe sababu. Ukisema leo kifua kinakuuma, kesho utaulizwa kama kimepona.

Maneno utayasikia. "Sheikh, siku hizi ushakuwa ustadhi?" Cheka, teremsha dhumna yako, mchezo uendelee. Wanachoka wenyewe.

Kinachowarudisha watu zaidi ni usiku wa wiki ya kwanza. Aliyekuwa akivuta kila siku akiacha, usingizi unaruka, jasho linamtoka, chakula hakipiti, na hasira ziko karibu mno. Kisha zinakuja ndoto, kali na za wazi kabisa, kwa sababu bangi huibana ile sehemu ya usingizi yenye ndoto, na ukiiacha bangi, ndoto hurudi kwa nguvu. Nyumbani watasema kapagawa, watataka kumwita mganga. Si shetani. Kwa kawaida hali hii huanza siku mbili tatu za mwanzo, huwa kali zaidi wiki ya kwanza, na huanza kutulia ndani ya wiki mbili au tatu, ingawa usingizi unaweza kuchelewa zaidi. Kahawa ya usiku wiki hizo usiiguse. Na mapema mwambie mtu mmoja nyumbani. Mimi nilimwambia dada yangu mkubwa. Hakunihubiria. Alikuwa akiniwekea uji, na wengine wakianza kuuliza mbona nimekuwa mkali, yeye ndiye aliyewajibu.

Kuna jambo moja sitaki ulichukulie kwa wepesi. Zipo maskani ambazo msokoto hutiwa unga, yaani heroini, wenyewe huuita kokteli. Hapo usihangaike na saa wala kikombe, ondoka na usirudi. Na kama unga umeshakuingia, arosto yake, yale maumivu ya kuukosa, haimalizwi kwa uji wa dada. Nenda hospitali ya Kidongo Chekundu, hapa mjini, ambako kliniki ya methadoni, dawa ya kumtibu aliyezoea unga, ilianza mwaka 2015. Mwanzoni dawa ile hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kuifuata kunataka subira ya muda mrefu. Soba hausi, nyumba wanazokaa wanaoacha, nazo zipo, na walioacha ndio wanaowapokea wanaoacha. Bangi nimeiacha nikiwa mtaani kwangu. Unga sijamuona mtu akiumaliza peke yake barazani.

Na wewe unayeendelea kuvuta, mwenzako akisema "pitisha", mpe mwengine, usimshikilie mkono. Ukimtaka kwa dhumna, mpigie simu alasiri.