Tofauti inayoruhusiwa kwenye meno ya bolti ya M10

Umeuliza ni kiwango kipi cha ISO (shirika la kimataifa la viwango) kinachotoa tofauti inayoruhusiwa kwenye meno ya bolti ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10, ukataja ISO 68-1. Tafuta ISO 965-1, maana ISO 68-1 inaeleza umbo la msingi la jino tu, yaani pembe ya nyuzi 60 na uwiano wake, bila kusema fundi anaruhusiwa kukosea kiasi gani. Ukitaka mipaka iliyokwisha kukokotolewa kwa kazi za kawaida, fungua ISO 965-2: bolti ya M10 yenye milimita 1.5 kati ya jino na jino, daraja la 6g (alama ya kiasi cha kukosea kinachoruhusiwa kwenye bolti), kipenyo chake cha katikati ya meno kiwe kati ya milimita 8.862 na 8.994, wakati nati ya 6H (daraja la upande wa nati) huanzia 9.026, na pengo hilo dogo ndilo linaloiwezesha kuingia bila kulazimishwa. Mipaka ya 6g hupimwa kabla ya kupaka zinki. Nakala halali huuzwa na Shirika la Viwango Tanzania.

Ila kama bolti imetoka kwenye mtambo mkongwe wa reli au meli, kama ilivyo kawaida kwetu Kigoma, pima pembe kwanza; ikiwa ni nyuzi 55, hiyo ni Whitworth, mfumo wa zamani wa meno ya bolti wa Kiingereza, na majedwali haya hayaihusu.