Usimpe Mzee Kochi, Mpe Nauli

Watoto wengi wakitaka kumfurahisha mzazi aliyestaafu humnunulia kitu cha kukalia au kulalia: kochi la kuzama, godoro nene, runinga pana na king'amuzi chake. Nia yao njema, na wangu siwalaumu. Kochi nimelipokea, na wageni wanalifaidi. Ila mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu hapa Tanga. Wenzangu kadhaa waliaga kwa hiari wakiwa na miaka 55, mimi nikang'ang'ana mpaka 60 ya lazima, na tangu hapo nimekaa nyumbani muda wa kutosha kujua kwamba kupumzika na kufurahi si kitu kimoja. Kupumzika huchosha upesi.

Nionavyo mimi, raha ya uzeeni ina sharti moja kubwa: pawe na mtu anayekungoja, na usipotokea anune. Runinga haikungoji. Ukisinzia katikati ya tamthilia, tamthilia inaendelea wala haikuulizi kulikoni. Simu nayo ni vilevile. Kundi la WhatsApp la wastaafu wenzangu nalipenda, lakini nusu ya yanayotumwa humo ni maua ya asubuhi njema na tiba za kitunguu saumu.

Raha yangu mimi ni bao.

Najua wapo watakaoguna. Kwetu Ngamiani bao ni mchezo wa barazani, na barazani hukaa wanaume. Utotoni niliwaona kaka zangu wakicheza, sisi wasichana tukitumwa kahawa. Nikafundisha hesabu miaka nenda miaka rudi bila kugusa kete. Nilipostaafu, jirani yangu mmoja, fundi wa reli wa zamani, alikuwa amefiwa na mwenzake wa bao. Ukipita jioni unamkuta kakaa na ubao wake, mkono wa kulia ukicheza na wa kushoto. Nikamwomba anifundishe. Kwanza alicheka. Kisha akaniuliza kama najua kuhesabu.

Kwa wasiolijua: bao letu la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, ambazo wengi wetu hutumia komwe, zile mbegu za kijivu zinazoteleza mkononi. Mwanzoni kila mchezaji ana kete sita kwenye nyumba, lile shimo la mraba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya karibu yake, na 22 zimebaki mkononi. Hapo mnanamua, mnaingiza kete moja moja. Za mkononi zikiisha ndipo mnaingia mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu, na hapo ndipo mtu hujulikana. Ukikosa cha kula unatakata tu, unazungusha kete huku mwenzako anakuangalia kwa jicho la pembeni. Na safu yako ya mbele ikibaki tupu umefungwa, hata kama nyuma una kete za kujaza kibaba. Jirani yangu anaipenda sana hali hiyo ikinikuta mimi. "Mwalimu," ananiambia, "nyuma tajiri, mbele hohehahe!" Na kina yakhe wote wa barazani wanaangua kicheko.

Kicheko hicho ndicho ninachokifuata. Mtu ukishazeeka kila mmoja anakupunguzia. Kwenye daladala wanakupisha kiti, sokoni wanakubebea kikapu, vijana wanakuamkia shikamoo, ukiitikia marahaba mazungumzo yameishia hapo. Ni heshima, nami naithamini. Lakini heshima tupu kutwa nzima inakufanya ujione kama picha ya ukutani. Pale kwenye bao sihurumiwi. Nikikosea hesabu naliwa, nikila naambiwa nimebahatisha. Mwalimu Nyerere naye alilipenda bao, na sidhani kama Butiama alitafuta ubaoni mtu wa kumwamkia tu.

Midomo ya watu? Ilikuwepo. Mimi ni mjane, na mjane akionekana anacheka na mume wa mtu mtaa mzima unapata kazi. Eda yangu nilikaa, miezi minne na siku kumi, nikamaliza. Baraza liko barabarani, mchana kweupe, na mke wa jirani yangu ndiye anayetuletea kahawa na kashata, na ndiye anayenidokezea hila za mumewe ubaoni. Waliosema wamechoka. Wawili kati yao sasa wanakuja kutazama. Kwa hiyo dada yangu unayesoma hapa ukiwa unaogopa kusemwa: fanya jambo lako la halali mahali peupe, saa inayojulikana. Umbea huota gizani.

Ushauri wa kwanza ninaoweza kukupa ni kuipangia raha siku. Usiseme "siku moja moja tutaonana", kwa sababu uzeeni siku moja moja ina ugonjwa, ina msiba, ina mgeni kutoka Korogwe. Mimi Alhamisi baada ya alasiri ni bao. Binti yangu anajua, daktari wangu anajua, hata muuza samaki anajua. Miadi ya kliniki ikiangukia Alhamisi naomba ihamishwe, na mara nyingi inahamishwa. Ukiichukulia raha kama kitu cha kufanya mambo mengine yakiisha, hutaifanya, maana mambo mengine hayaishi.

Sasa niseme habari ya ngoma, maana Mtanga asipogusa muziki atakuwa kajisahau. Sisi tulikulia kwenye mji wenye Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwa upande wa dansi, na Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarabu. Sauti ya marehemu Shakila binti Said tuliisikia ikiwa bado changa. Mtu aliyepitia hayo ukimwambia raha yake iliyobaki ni kumwagilia mchicha, unamwonea. Bi Kidude kule Unguja aliimba na kupiga ngoma mpaka uzee mkubwa, na alipofariki mwaka 2013 hakuna aliyejua kwa hakika alizaliwa mwaka gani. (Sigara zake msiige.)

Kikundi chetu cha akina mama tuna upatu, tuna sare za leso, na kukiwa na harusi au maulidi tunakwenda pamoja. Taarabu ikipigwa sichezi kama zamani. Nainuka, natembea taratibu kuelekea kwa mwimbaji na noti yangu mkononi, namtunza, narudi kwa mwendo uleule huku mabega yakifanya kazi iliyokuwa ya kiuno. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ina raha yake kamili. Naandaa noti ndogo ndogo mapema, kwa sababu ukienda na ya elfu kumi peke yake utainuka mara moja tu usiku kucha.

Lakini kuna mambo ambayo hakuna anayeyasema, nami nitayasema. Wazee wengi hawaendi shughulini kwa sababu ya choo. Dawa nyingine za presha zinakojoza, na mtu aliyekwisha kuhangaika mara moja kwenye uwanja usio na choo cha karibu harudi tena. Atasema amechoka, atasema magoti. Wengine wanaamua kuruka dawa siku ya harusi, na hilo ni hatari. Nenda kamuulize daktari wako waziwazi kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa. Mimi niliuliza, tukapanga. Na kabla ya kukubali mwaliko ninauliza mambo matatu bila haya: choo kiko wapi, viti vina mgongo, na nani anarudi mapema. La tatu nimelimaliza kwa kuwa na kijana wa bajaji tuliyezoeana. Saa nne usiku anafika, naaga, hata kama bwana harusi bado yuko njiani.

Kama unahitaji sababu ya kitaalamu ya kuwatuliza watoto, Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku tatu au zaidi wafanye mazoezi yanayosaidia mwili usiyumbe, ili wasianguke. Hakuna anayelazimisha yawe ya kuruka na filimbi. Kucheza muziki ni mazoezi, na kutembea ni mazoezi. Mzee Mwinyi, aliyefariki mwaka 2024 akiwa na miaka 98, alijulikana nchi nzima kwa kupenda mazoezi ya kutembea. Tanga yetu ni tambarare, wazee wenzangu wengine bado wanapanda baiskeli, na jioni Raskazone upepo wa bahari ni wa bure.

Halafu kuna masikio, macho na meno. Rafiki yangu mmoja aliacha kuja kwenye kikao cha upatu. Kwao wakasema kanuna, wengine wakasema ndiyo uzee, wengine wakaanza kunong'ona mambo ya kishirikina. Nilipokwenda kumwona niliona anatazama midomo yangu nikizungumza. Hakuwa amenuna. Alikuwa hasikii, na mtu anayeuliza "nini?" mara tatu kwa kila mzaha anaona haya, wenzake nao wanachoka kurudia, mwisho anabaki nyumbani. Tulimpeleka hospitali, dirisha la wazee, na kwake yeye sehemu kubwa ilikuwa nta tu iliyoganda. Si wote wana bahati hiyo, wengine wanahitaji vifaa vya kusikilizia. Mtoto wa jicho naye huondolewa kwa upasuaji, na meno ya bandia yapo. Kwa hiyo ukiona mzazi wako ameanza kujitenga, usikimbilie kusema amebadilika. Mpime masikio kwanza. Mzaha usiosikika haumchekeshi mtu.

Wajukuu nitawapitia haraka, nisije nikagombana na mtu. Ni raha, ndiyo. Wa kwangu mmoja ananifundisha kupiga picha za video na ananikaripia nikikata vichwa vya watu. Lakini mjukuu ni raha pale ambapo jioni mama yake anakuja kumchukua. Kulea watoto watatu kuanzia alfajiri hadi usiku ni kazi, tena ya shamba, na bibi anayeifanya asiambiwe kwamba anajiliwaza. Kama ndiye mlezi wa kutwa, mwenye watoto ajitahidi apatikane mtu wa kumshika mkono walau jioni moja kwa wiki, naye atoke.

Na pesa? Wachache tuna pensheni. Wavuvi na wakulima wenzetu wengi hawana. Lakini ninazozungumzia hapa ni raha za bei ndogo. Dada yangu yuko Unguja, ambako pensheni jamii ilianza mwaka 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Alipopokea ya kwanza watu walidhani atanunua unga. Unga alinunua, na akatenga kidogo ya nauli ya kwenda kwa shoga yake Makunduchi. Mimi nasema alipanga vizuri kuliko wengi wetu tuliopewa mafao ya mkupuo tukayamalizia kwenye msingi wa nyumba. Fungu la raha, hata liwe dogo vipi, litengwe kabla ya fungu la maombi ya ndugu.

Watoto, ninyi mkipiga simu huwa mnauliza umekula, umemeza dawa, umelala vizuri. Ni maswali ya wodini hayo. Siku moja muulize mzee wako jana nani kamfunga, au nani kavaa vibaya harusini. Atazungumza mpaka salio likate.

Linabaki swali ninaloulizwa sana: na kama wa rika lako wamekwisha? Wamekufa, wamehamia kwa watoto, wamelala kitandani? Basi shuka umri. Kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na kwangu vijana hucheza drafti wakisubiri abiria, na wenyewe hawajui bao hata kidogo. Nilikwenda nikasimama, nikaangalia, nikamwambia mmoja kwamba kete yake inaliwa. Hakuniamini, ikaliwa. Siku iliyofuata nikawekewa ndoo ya kukalia. Mwanzo watakuita bibi na kukuachia ushinde. Likatae hilo mara ya kwanza kabisa, warudishe mchezo. Nenda jioni kabla abiria hawajawa wengi, usichukue upande katika ugomvi wao wa Simba na Yanga, na usiwahubirie habari ya kuoa. Wakishakuzoea, siku usipotokea watakuja kupiga honi mlangoni.