Kabla ya Kuagiza Vifaa vya Darasa la Awali, Tengeneza Rafu

Mwalimu mmoja wa Kahama ameniandikia kwamba kamati ya wazazi imekubali kuchangia vifaa vya darasa lake la awali, naye anataka kujua aagize seti gani ya Montessori, yaani vifaa vya kujifunzia kwa mikono alivyovibuni daktari Mwitaliano Maria Montessori, kutoka Dar es Salaam. Kwa kuwa swali hili huulizwa na wengi, na kwa kuwa limenigusa mahali ambapo bado pananiuma, naona heri nijibu kwa kirefu.

Niliwahi kufundisha katika shule ya binafsi ambayo mwenye nayo aliagiza seti kamili kutoka ng'ambo: mnara wa vipande vya mbao vya rangi ya waridi, silinda zenye vishikio, shanga za dhahabu za kuhesabia hadi 1,000. Vifaa hivyo viliwekwa ofisini kwenye kabati la vioo, ufunguo akakaa nao mkuu wa shule, vikawa vinatolewa siku wazazi wanapokuja kuandikisha watoto. Wanafunzi wangu walilipita kabati lile kila asubuhi wakielekea darasani kuimba a, e, i, o, u. Nilipoomba ufunguo niliambiwa kwamba watoto watapoteza shanga. Nilipoomba tena, mbele ya walimu wenzangu, niliambiwa kwamba najifanya mjuaji. Muhula ulipoisha niliondoka, lakini neno lile sijalisahau.

Linaniuma zaidi kwa sababu Maria Montessori mwenyewe alianza na kabati la kufungwa. Alipofungua nyumba yake ya watoto mwaka 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi maskini, vifaa vilitunzwa kabatini na mwalimu ndiye aliyevigawa. Alisimulia baadaye kwamba siku moja mwalimu alisahau kulifunga, akawakuta watoto wamekwisha kuchagua wenyewe wanachokitaka na wamezama katika kazi. Tangu hapo aliweka rafu fupi zilizo wazi. Basi anayenunua vifaa vyake na kuvifungia amenunua mbao tu, na somo lenyewe ameliacha dukani.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, fedha za kwanza mpe fundi seremala akutengenezee rafu isiyozidi kifua cha mtoto wa miaka mitano. Fundi huyohuyo akukatie fimbo 10 za hisabati, ya kwanza sentimita 10, ya pili sentimita 20, hadi ya mwisho mita 1. Zote pamoja hazifiki mita 6 za mbao, na mabaki ya karakana yanatosha kabisa, mradi zipigwe randa na msasa mpaka zisiwe na vibanzi, kisha kila sentimita 10 zipakwe rangi nyekundu na buluu kwa kupokezana. Mtoto akiiweka fimbo ya 3 mwishoni mwa fimbo ya 7 na kuona zimelingana na ile ya 10, amejumlisha kabla hujamfundisha alama ya kujumlisha.

Herufi nazo zikate kwenye msasa laini, uzibandike kwenye kadi ngumu, irabu kwa rangi moja na konsonanti kwa rangi nyingine. Mtoto hupitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, akifuata njia ileile ambayo penseli itapita, huku akitamka sauti ya herufi. Akishazijua irabu tano na sauti ya m, tayari anaweza kuunda mama na mimi, maana silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na hiyo ni neema ambayo watoto wa lugha nyingi hawana.

Darasani kwangu, katika shule ya serikali, karibu kila kitu kimetengenezwa hivyo, pamoja na udongo wa kichuguu wa kufinyangia. Mthibiti ubora wa shule aliyetutembelea muhula uliopita alikaa kwenye kona ya hisabati muda mrefu kuliko alivyopanga, akaomba aelekezwe jinsi fimbo zilivyopakwa rangi. Najivunia jambo hilo, na sioni haya kulisema.

Ila uwe mwangalifu na vitu vidogo. Maharage huingia puani, kwa hiyo kazi ya kuhesabu mbegu ifanyike mbele ya macho yako. Vizibo vya soda vya kuhesabia vioshwe kwa sabuni na kingo zake zigongwe kwa nyundo zilale, kwani hukata vidole.

Kuhusu hofu ya vifaa kupotea, kila trei iwe na vizibo 10 na picha ya vizibo 10 ndani yake, na mtoto aliyeitumia aipange upya kabla ya kuirudisha rafuni. Akiona duara moja tupu, atainama mwenyewe chini ya meza kukitafuta cha kumi.