Re: Mbona makanisa ya wachoraji wa Uholanzi ni meupe na matupu?

Ndugu, umeuliza kama weupe wa makanisa kwenye picha za wachoraji wa zamani wa Uholanzi ni ubunifu wa mchoraji tu. Hapana, kuta zilikuwa nyeupe kweli. Mwaka 1566 sanamu nyingi zilivunjwa makanisani, na Waprotestanti waliposhika majengo hayo wakapaka chokaa juu ya michoro ya zamani. Ongeza madirisha makubwa ya vioo visivyo na rangi, na mwanga unaingia bila kizuizi, unagonga chokaa na kurudi, hadi hata kivuli kinakuwa na rangi: kijivu cha lulu, manjano hafifu, waridi kidogo.

Hapo ndipo mchoraji Mholanzi Pieter Saenredam (1597–1665) anaponimaliza kabisa. Alikuwa akienda kanisani na karatasi, anachora na kupima nguzo, kisha picha yenyewe huenda akaipaka miaka kadhaa baadaye. Kwa mfano Buurkerk, kanisa la mji wa Utrecht, aliichora kwenye karatasi mwaka 1636. Picha yake ya rangi ya kanisa hilo, iliyoko London, ni ya 1644. Watu wake ni wadogo mno, ni kama amewaweka ili tujue urefu wa nguzo.

Emanuel de Witte, mchoraji mwingine Mholanzi wa makanisa, ni habari nyingine. Yeye anaachia jua likatike vipande sakafuni na kwenye nguzo, kando ya giza zito. Na kanisa lake lina maisha: watu wanapiga soga, kaburi limefunuliwa sakafuni, mbwa wanazurura (mmoja hata anakojolea nguzo!).

Anza na Saenredam, tena uikuze picha kwenye skrini uangalie vivuli.