Joto la kaskazi: mmeuliza, nawajibu

Kaskazi, msimu wetu wa joto, imeingia hapa Mombasa na maswali yenu karibu yote ni joto, haya tuanze.

Simu inasema nyuzi 32 tu, mbona nahisi kama napikwa? (Bombolulu)
Ni unyevu huo. Jasho linakupoza likikauka, sasa hewa yetu imejaa maji tayari, linatiririka tu na mwili unabaki na moto wake. Halafu lami na kuta zimeshinda juani, usiku zinalitoa lile joto, saa tano unagusa ukuta bado una vuguvugu na moyo haupumziki usiku kucha. Mji wa Kale walijenga kuta nene na vichochoro vya kivuli, leo mtu anajenga vyumba vya mabati dirisha moja anapangisha, mimi hiyo naiita dhuluma. Loweka leso (kanga), jifunike, washa feni.

Nyanya ana presha, anameza vidonge vya kukojoza, na maji hataki ati choo kiko nje atasumbua watu usiku. (Likoni)
Huyo ndiye ananitia wasiwasi zaidi, manake dawa inatoa maji, jasho linatoa maji, na kiu ya mzee inachelewa kuja. Mwekeeni ndoo ya haja chumbani aone hasumbui mtu, mpeni maji kidogo kidogo mchana kutwa, msingoje aombe. Mkojo ukiwa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, maji hayatoshi. Dawa msimwachishe wenyewe tafadhalini, mpelekeni kliniki apimwe presha, daktari ndiye ataamua kama atapunguza.

Jamaa wa mkokoteni alianguka juani, akawa anaropokwa, tukampa dawa ya homa. Tulifanya sawa? (Kongowea)
Mlimjali, lakini hiyo si homa, dawa ya homa haiteremshi joto la aina hiyo. Mtu ana joto kali na akili zimeanza kupotea, hiyo ni hatari ya kifo, mwili unaweza kupita nyuzi 40. Kivulini, shati litoke, mwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, barafu kwapani na shingoni, msingoje gari ifike ndio muanze! Na kama hajielewi msimnyweshe kitu, kitampalia.

Sina friji, insulini naiweka wapi? (Changamwe)
Ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, itie ndani ya mtungi wa udongo uliolowa, kivulini penye upepo. Juu ya bati au dirishani hapana.